Gazeti Likiuzwa, Msomaji Naye Huuzwa?

(Haya ni maneno yaliyosemwa na mwanachama wa tawi letu mbele ya mkutano wa wanachama, Mombasa. Tumeyapiga chapa kama alivyoyasoma.)



Mimi si mwandishi wala si wakili. Shule yangu ilikuwa ya misheni, nikaishia masomo ya msingi, na mengine niliyo nayo nimeyaokota katika magazeti na vitabu. Nadhani Ndugu Katibu aliniomba niseme kwa sababu mnanijua kuwa sikosi gazeti kwapani, hata zamu ya usiku.

Mnajua wote kilichotuleta hapa. Bwana mmoja wa kisiwani, mwenye mitambo ya kupiga chapa, amekuja kwa Halmashauri na maneno matamu. Anasema karatasi yetu ya kila mwezi aichukue yeye. Ataipiga chapa kwa karatasi nyeupe inayong'aa, na picha za rangi, wala chama hakitalipa hata senti moja. Mhariri atabaki wetu. Anataka mambo mawili tu: jina la karatasi liandikishwe kuwa mali yake, na matangazo ya biashara ayatafute yeye, fedha zake ziwe zake. Halmashauri imegawanyika nusu kwa nusu, na ndiyo sababu kura itapigwa na ninyi Jumamosi ijayo.

Wanaotaka tukubali wana hoja, nami sitazificha. Karatasi yetu ni mbaya. Wino wake hupaka vidole. Mwezi wa Machi na wa Aprili haikutoka kabisa kwa kuwa stensili zilikwisha na fedha hazikuwapo. Mara nyingine ukurasa wa nne huja kichwa chini. Ndugu mmoja wa Changamwe aliniambia kuwa yeye ameiona faida yake, maana hufungia mahamri vizuri sana. Nilicheka, lakini sikufurahi.

Tena wanasema: wasomaji ni wetu na watabaki wetu, mwenye gazeti akibadilika, msomaji hajali. Neno hili la mwisho ndilo nililokuja kulizungumza, maana limesemwa kana kwamba halina haja ya kuchunguzwa.

Yuko mzee mmoja pale Mji wa Kale, karibu na Ndia Kuu, ambaye hununua gazeti la Kiswahili kila asubuhi akalisoma barazani kwa sauti. Wazee wanne watano humsikiliza, na muuza kahawa husimama na dele lake kidogo kabla ya kuendelea na safari. Nakala moja iliyolipiwa, watu kumi wameipata. Siku moja nilimwuliza, "Mzee, gazeti hili ni la nani?" Akasema, "Langu. Nimelilipia." Nikamwambia namaanisha mwenye kampuni. Akasema, "Mwanangu, mkate wa mofa naula tangu utoto wangu, na mwenye tanuri amebadilika mara tatu. Mimi natazama mkate." Nikauliza, "Na mkate ukibadilika?" Akasema, "Hapo ndipo nitauliza tanuri ni la nani."

Nimeyafikiri sana maneno ya mzee yule. Nadhani ni kweli, tena ni hatari. Ni kweli kwa sababu msomaji hakufungwa na mwenye gazeti. Amefungwa na ukurasa wa mashairi, au barua za wasomaji, au mpira, au tanzia, au mwandishi mmoja ambaye maneno yake humwingia. Ni hatari kwa sababu mwenye gazeti mpya, akiwa na akili, habadilishi mkate kwa siku moja. Hubadilisha unga kidogo leo na kidogo mwezi ujao. Mnakumbuka mzee Isaka alipokuwa haoni, akapapasa mikono yenye manyoya akadhani anambariki mwana mkubwa, kumbe ni ngozi ya mbuzi. Jina la gazeti ni ile ngozi. Msomaji hupapasa jina, akatoa baraka yake, na aliye ndani ni mwingine.

Basi tutazame yaliyotokea, tuache kubahatisha. Nitaanza hapa hapa kisiwani. Gazeti linaloitwa Standard lilizaliwa Mombasa mwaka 1902. Aliyelizaa hakuwa Mzungu. Alikuwa Alibhai Mulla Jeevanjee, Mhindi wa Karachi. Naye alikuwa mtu wa reli, ingawa aliketi upande ule mwingine wa meza: alikuwa kontrakta wa kuleta vibarua na vyakula kwa ujenzi wa reli ya Uganda, ile iliyoanza kutandikwa hapa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901. Gazeti lake aliliita African Standard, likitoka mara moja kwa juma, na mhariri wake alikuwa Mwingereza aliyemwajiri.

Mwaka 1905 Jeevanjee aliliuza kwa Waingereza wawili. Wakaliita East African Standard, na mwaka 1910 wakalihamishia Nairobi, hata likawa linarudi mji uliolizaa kwa gari la moshi kama mgeni. Huko bara wasomaji wenye fedha walikuwa masetla, na gazeti likawa sauti ya masetla. Nao masetla walitaka nini? Walitaka nyanda za juu ziwe zao peke yao, Mhindi asipate shamba huko, wala asiwe na sauti sawa nao serikalini. Mwaka ule ule wa 1910 Jeevanjee alikuwa ameingia Baraza la Kutunga Sheria, Mhindi wa kwanza humo, akiwatetea watu wake. Basi fikirini, ndugu zangu: mtu amesimama kudai haki, na gazeti lililo upande wa wanaomnyima ni lile alilolizaa mwenyewe.

Wasomaji wa Kihindi hawakukaa kulia. Baada ya vita kuu ya kwanza M. A. Desai alitoa gazeti la East African Chronicle huko Nairobi, na mitambo hiyo hiyo ikampigia chapa Harry Thuku karatasi zake. Lakini halikudumu. Nawaomba mlione jambo hili. Msomaji aliyekosewa anaweza kuondoka, miguu anayo. Ila akiondoka haondoki na jina, wala mitambo, wala wenye matangazo. Huanza tena mchangani.

Sasa mtaniambia, "Ndugu, unasema juu ya magazeti ya Kiingereza, nasi husoma Kiswahili." Haya. Kampuni ile ile ya Standard ilianzisha gazeti la Kiswahili la kila juma mwaka 1939, likaitwa Baraza. Mwenyewe Mzungu, msomaji Mwafrika. Mngedhani watu wangelikataa, lakini walilisoma, pwani na bara. Mhariri wake wa awali alikuwa Francis Khamisi, mtu wa pwani yetu, yule aliyekuwa pia katibu wa chama cha KAU, na mwaka 1958 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kiti cha Mombasa. Ndani ya gazeti mlikuwa na barua za wasomaji, na mashairi ambayo mtu wa mji huu aliweza kumtupia fumbo mtu wa mji mwingine akangoja jibu. Msomaji alimfuata mhariri na washairi, akamvumilia mwenye mali. Nakubali kwamba hii ni hoja ya upande wa pili, nami naitoa kwa sababu ni kweli.

Lakini sikilizeni mwisho wake. Katika miaka ya 1960 kampuni nzima ilinunuliwa na Lonrho, kampuni ya London iliyokuwa na migodi na mashamba katika nchi nyingi za Afrika. Baraza lilikuwa kitu kidogo ndani ya mali kubwa. Karibu na mwaka 1980 likafungwa. Watu waliokuwa wamelisoma kwa miaka arobaini walikwenda kwa muuza magazeti wakaambiwa halipo. Upendo wa msomaji haukuandikwa popote katika hesabu za kampuni.

Nisije nikadhaniwa nasema kila tajiri akinunua gazeti huliua. Gazeti la Taifa lilianzishwa mwaka 1958 na Mwingereza, Charles Hayes, likitoka mara moja kwa juma. Mwaka 1959 likanunuliwa na Aga Khan, na Januari 1960 likawa Taifa Leo, gazeti la Kiswahili la kila siku. Hapo msomaji alipata zaidi ya alichokuwa nacho, tena kwa lugha yake. Mwenye mali alibadilika, na mkate ukawa mkubwa. Na palipokuwa hapana mwenye mali ila mwandishi mwenyewe, tulipata mambo mengine. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa mji huu alitoa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, akiwaambia watu wake kwa Kiswahili yale ambayo wengine hawakupenda kuyasikia. Hayakuishi miaka mingi. Lakini makala yake yakakusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Mimi ni Mkristo na yeye alikuwa Kadhi Mkuu, ila nikisoma ninaona jinsi mtu anavyoandika akiwa hana wa kumwomba ruhusa.

Kenya Times nitaipita upesi maana wengi mnaikumbuka. Hilary Ng'weno alikuwa na gazeti la Nairobi Times alilolianzisha mwaka 1977. Mwaka 1983 chama cha KANU kikalinunua, likawa Kenya Times, na la Kiswahili likawa Kenya Leo. Wazee wa karakana wanasema lilikuwa halikosi katika meza za wakubwa. Lilionekana kuwa na wasomaji. Mwaka 2002 KANU ilishindwa katika uchaguzi, na ikaonekana wazi ni wangapi walilinunua kwa kupenda na wangapi kwa kuogopa. Mwaka 2010 likafa. Sikumbuki kuona mtu akililia, ingawa nasikitika kwa waandishi na wapiga chapa waliopoteza kazi, maana nao ni wafanya kazi kama sisi.

Sasa nitakwenda mbali kidogo, hadi Uingereza, kwa sababu huko kuna kisa kinachotuhusu kuliko vyote. Wenzetu walikuwa na gazeti lao. Mwaka 1911 wapiga chapa wa London waligoma, na katika mgomo huo wakatoa karatasi yao wenyewe, wakaiita Daily Herald. Ilikuwa karatasi ya mgomo, ndugu zangu, ndugu ya hii yetu. Ikakua, ikawa gazeti la kila siku, mpaka ikawa mali ya muungano wa vyama vya wafanya kazi, yaani TUC. Lakini ilikuwa maskini daima. Basi akaja mwenye mitambo ya kupiga chapa, kampuni ya Odhams, mwaka 1930. Mnasikia? Akaja mwenye mitambo. Wakapatana: kampuni ishike hisa 51 katika kila mia na TUC ishike 49, na katika mambo ya siasa na ya kazi neno liwe la wafanya kazi.

Na gazeti likastawi. Mwaka 1933 lilikuwa la kwanza kuuza nakala milioni 2 kwa siku. Laiti ningeishia hapo, ndugu wanaotaka tukubali wangenipigia makofi.

Shida ilikuja baadaye, nayo haikutokana na wasomaji. Wasomaji hawakuwa wengi kama zamani, lakini katika miaka yake ya mwisho bado watu zaidi ya milioni moja walilinunua kila siku. Magazeti ya mabwana yalikuwa na wanunuzi wachache kuliko hao, nayo yaliishi raha. Kwa nini? Kwa sababu gazeti haliishi kwa bei ya nakala peke yake, huishi kwa matangazo. Mwenye tangazo hahesabu vichwa, huhesabu mifuko. Wasomaji wa Herald walikuwa watu wa mishahara midogo, wengi wao wazee, na mwenye duka la vitu vya fahari hakuona sababu ya kulipia apate kusomwa na fundi wa reli. Uaminifu wao ulikuwa mkubwa, lakini sokoni haukuwa na bei.

TUC ikaziachia hisa zake. Mwaka 1961 Odhams ikamezwa na kampuni ya Daily Mirror. Mwaka 1964 jina la Herald likafutwa, likaitwa The Sun. Mwaka 1969 likauzwa kwa Rupert Murdoch, Mwaustralia. Yeye akalifanya jipya kabisa, likapata wasomaji mamilioni kuliko zamani. Kwa hiyo mtu asije akaniambia "wasomaji wataongezeka" nikanyamaza. Kweli, waliongezeka. Ila hawakuwa wale, wala gazeti halikuwa lile.

Na Januari 1986, mwenye gazeti yule alipohamishia magazeti yake kwenye mitambo mipya huko Wapping, wapiga chapa wapatao 6,000 waligoma wakafukuzwa kazi. Kumbukeni gazeti hili lilitoka katika tumbo la wapiga chapa waliogoma, miaka 75 nyuma yake. Sisi watu wa reli tuna la kuongeza. Mpaka wakati ule magazeti yake yalisafirishwa kwa treni. Aliyatoa katika treni akayapakia katika malori, ili wafanya kazi wa reli wasipate nafasi ya kuwaunga mkono wenzao.

Nitaongeza moja tu juu ya gazeti lile kabla ya kurudi nyumbani. Tarehe 15 Aprili 1989 watu wa Liverpool, mji wa bandari kama huu wetu, walifiwa na ndugu zao katika msongamano wa uwanja wa mpira huko Sheffield. Baada ya siku chache The Sun liliandika maneno ya uongo juu ya waliokuwapo, likawasingizia kuwaibia maiti. Mji ule ukaacha kulinunua. Hakuna sheria iliyowalazimisha. Wauza magazeti wengi hawaliweki hata dukani, na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule wanakua wakijua kuwa nyumbani kwao gazeti hilo haliingii. Hapo nimeona nguvu ya msomaji ilivyo. Lakini nguvu hiyo ilikuwa ya kukataa. Kulirudisha gazeti likawa la wapiga chapa wa mwaka 1911, hilo hata mji mzima haukuweza.

Basi turudi kwa karatasi yetu na bwana wetu wa mitambo. Simjui kuwa mtu mbaya. Pengine ana nia safi. Nauliza maswali ya fundi tu: mzigo huu utabebwa na nini? Ataishi kwa matangazo. Matangazo yatatoka kwa nani? Si kwa maskini mwenzetu. Yatatoka kwa wenye kampuni wa mji huu, na baadhi yao ndio waajiri wa ndugu zetu. Mnakumbuka mwaka jana karatasi hii ilipoandika juu ya kontrakta aliyekuwa akikata fedha za vibarua wa kusafisha njia bila kuzipeleka zinakotakiwa. Ilikuwa aya moja, nayo ilipakaa wino hata neno "makato" halikusomeka vizuri. Lakini katika juma lile lile vibarua waliitwa wakaonyeshwa hesabu zao. Sasa niambieni: kontrakta yule akiwa amelipia ukurasa wa nyuma, wenye rangi, mwaka mzima, aya ile ingetoka? Mhariri wetu angeiandika, namjua. Ingefika mpaka mitamboni, halafu tungeambiwa nafasi haikutosha.

Na sisi tungejua lini? Hapo ndipo maneno ya mzee wa Ndia Kuu yanaponitia hofu. Aya isiyotoka haionekani. Msomaji huona mkate uliobadilika, haoni mkate ambao haukuokwa. Angeendelea kuipenda karatasi kwa jina lake, mwaka mmoja, miwili, akisifu picha.

Kuna vijana wanaosema mambo haya yamepitwa na wakati, kila mtu ana simu, habari zinatumwa kwa dakika moja. Ni kweli, nami natumia. Lakini ile simu nayo ina mwenyewe, na kundi letu la simu limejaa salamu za asubuhi na picha za maua hata tangazo la mkutano huu wengine hamkuliona. Karatasi hubandikwa ukutani, karani hulisoma, mpishi wa kantini hulisoma, na mwaka ujao bado iko katika faili la Katibu.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wa mji huu, wa bandari na wa reli na wa majumbani, maelfu kwa maelfu, waliacha kazi kwa siku kumi na mbili. Walikutana Majengo, mahali palipoitwa Kiwanja cha Maskini, na habari zao walipeana kwa mdomo. Gazeti la kila siku la mji huu, Mombasa Times, lilikuwa la Wazungu. Leo mtu akitaka kujua babu zetu walisema nini pale kiwanjani, inambidi apekue karatasi za serikali iliyowapinga na magazeti ya waliowaajiri.

Nashauri hivi. Tumwambie bwana yule kwa heshima kwamba tunamhitaji, lakini kama mpiga chapa. Atupigie chapa kwa bei, nasi tumlipe kama mteja mwingine. Jina libaki la chama, liandikishwe kuwa la chama. Matangazo tupokee, sikatai, mkono mtupu haulambwi. Ila yapitie kwa Mweka Hazina, na yasizidi ukurasa mmoja, ili siku mwenye tangazo akikasirika tusife njaa. Mweka Hazina amepiga hesabu akaona shilingi 15 kwa kila mwanachama kwa mwezi zinatosha kwa nakala 600 za rangi moja. Ni bei ya kahawa na kipande cha kashata. Asiyekuwa nazo apewe bure, kama zamani.

Na akikataa masharti hayo, tuna mashine yetu ya kurudufu. Ni nzee, mkono wake umelegea, lakini fundi mmoja wa karakana ameniambia anaweza kuuchonga upya. Kinachokosekana ni watu wa kuizungusha jioni mbili kwa mwezi, ili tusirudie ya Machi na Aprili.

Ndugu Mwenyekiti, karatasi ya kuandika majina ya watakaojitolea iko pale mlangoni kwa ndugu karani. Tunahitaji watu wanne. Nilipokuwa naingia ilikuwa na jina moja, nalo ni langu.